Maswali ya Wasomaji: Uzamili wa Fedha Marekani na Kiwanja cha Mtwapa

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Kisauni, na kwa miaka mitatu nimekuwa karani wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nina shahada ya biashara ya daraja la pili la juu, wastani wa alama 66, na nimemaliza mitihani ya uhasibu ya CPA. Nataka kuomba nafasi ya uzamili wa fedha nchini Marekani, lakini nasikia kwamba huko alama 66 ni sawa na kufeli. Je, nizigeuze kwa kipimo chao kabla ya kuomba? Tena baba amekusudia kuuza kiwanja chetu cha Mtwapa ili kulipa karo, na rafiki yangu ananihakikishia kwamba mshahara wa miaka miwili New York utakirudisha. Nishaurini.
Msomaji wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze na alama, kwa kuwa ndizo huwavunja moyo waombaji wengi wa kwetu pasipo sababu. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 70 na zaidi ni A, na 60 hadi 69 ni B. Katika vyuo vingi vya Marekani 70 huwa C. Maafisa wanaopitia maombi kutoka nje wanaifahamu tofauti hiyo, na aghalabu ufunguo wa madaraja huchapishwa kwenye nakala yenyewe ya matokeo. Kwa hiyo usigeuze chochote kwa mkono wako: andika alama zako kama zilivyo, na taja daraja lako la heshima. Chuo kikitaka zigeuzwe, chenyewe kitakutajia shirika la kufanya kazi hiyo, kama vile World Education Services, ambalo kwa kawaida hutaka nakala rasmi itumwe na chuo chako moja kwa moja. Aliyewahi kufuatilia nakala ya matokeo katika ofisi ya msajili anajua kwa nini nasema uanze mapema.

La kukushughulisha zaidi ni hisabati. Chini ya jina la uzamili wa fedha mna masomo ya aina mbili yasiyofanana. Programu ya fedha za kikompyuta ya Carnegie Mellon, au ile ya uhandisi wa fedha ya Baruch, chuo cha umma kilichoko New York, humtaka mtu aliyekwisha kusoma kalkulasi, aljebra ya mstari na nadharia ya uwezekano, na anayeweza kuandika programu za kompyuta. Shahada ya biashara ya hapa kwetu mara nyingi huishia kwenye hisabati ya biashara na takwimu, na CPA haiwezi kuziba pengo hilo. Aina ya pili, ya fedha za makampuni na uwekezaji, ndiyo iliyo karibu nawe, na huko miaka mitatu ya kufuatilia ushuru, bima na malipo ya mizigo ya Kilindini ni habari ambayo waombaji wengi hawana. Iandike kwa undani katika insha yako, hata ikibidi kuacha sentensi za jumla kuhusu ndoto za utotoni.

Kuhusu mtihani wa kuombea uzamili, shule nyingi hupokea GMAT au GRE bila kubagua, na matokeo ya yote miwili hudumu miaka mitano. Tahadhari moja tu: GMAT ya sasa hupimwa kuanzia 205 hadi 805, na 700 ya kipimo cha zamani, ambayo kaka na dada zetu bado wanaitaja kama shabaha, inalingana na karibu 645 ya leo.

Sasa kiwanja. Ufahamu kwanza kwamba uzamili wa fedha, kwa vyuo vya Marekani, ni masomo ambayo mwanafunzi hutarajiwa kujilipia. Uzamivu ndio ambao kwa kawaida husamehewa karo na kupewa posho. Wa uzamili akipata ufadhili, mara nyingi ni punguzo tu. Karo peke yake katika programu zinazotajwa sana huzidi dola 60,000, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 ni milioni 7.8, kabla ya chumba, chakula na bima ya afya. Viza ya mwanafunzi, F-1, hukuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na fedha hizo zitakununulia chakula, si karo.

Hesabu ya rafiki yako inasimama juu ya jambo ambalo huenda hajalichunguza. Ukihitimu, unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yako kwa miezi 12. Miezi 24 zaidi hutolewa kwa wale tu ambao kozi yao imo katika orodha ya serikali ya Marekani ya masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kila kozi huko ina nambari ya uainishaji: ile ya fedha za jumla, 52.0801, haimo katika orodha hiyo, lakini ya hisabati ya fedha, 27.0305, imo. Zipo shule ambazo zimesajili uzamili wao wa fedha chini ya nambari nyingine iliyomo, hivyo programu mbili zenye jina lilelile zinaweza kumpa mhitimu muda tofauti kabisa. Waandikie ofisi ya udahili, uliza nambari ya kozi, na uhifadhi jibu lao. Baada ya muda huo, mwajiri wa kampuni ya kawaida atalazimika kukuombea viza ya kazi ya H-1B, ambayo ina nafasi 85,000 tu kwa mwaka, waombaji wakizidi nafasi hizo ndipo uteuzi hufanywa.

Na ukifikiria kukopa huko Marekani badala ya kuuza kiwanja, mkopo nao hulipwa kwa dola. Mapema mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huohuo. Anayerudi nyumbani na deni la dola na mshahara wa shilingi hubeba mtikisiko wote huo yeye mwenyewe, licha ya suala la riba, ambalo kwa familia nyingi za hapa huufunga mjadala kabla haujaanza.

Rai yangu ni kwamba baba asiuze chochote mwaka huu. Omba programu nne au tano ambazo umekwisha kujua nambari zake, usubiri barua zinazotaja kiasi cha ufadhili, kisha mketi na karatasi. Kiwanja kinachouzwa kwa haraka ya kuwahi tarehe ya karo huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

SWALI: Nimepata nafasi ya kusoma Marekani na fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi ili aombee viza. Jamaa na majirani wamenichangia, na fedha zote ziliingia benki wiki iliyopita. Je, afisa wa viza atazitilia shaka?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Anaweza kuuliza, kwa kuwa akaunti iliyokuwa tupu na kujaa ghafla hufanana na fedha za kuazima. Harambee si kosa. Beba orodha ya waliochanga, risiti, na barua ya mdhamini wako mkuu pamoja na taarifa zake za benki za miezi kadhaa. Lipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, na uhifadhi stakabadhi. Mahojiano huwa ya dakika chache, na kwa sheria afisa huanza kwa kudhani kwamba unataka kuhamia huko kwa kudumu. Jiandae kueleza kwa sentensi mbili au tatu kazi utakayoirudia Mombasa. Ubalozi uko Gigiri, Nairobi, kwa hiyo panda treni ya Miritini siku moja kabla ya miadi.