Moto wa mkutano umezima? Mimi nilianzia kwenye kukinga maji

Mdogo wangu umesema uliokoka kwenye mkutano wa pasaka ukiwa moto kabisa, wiki mbili tu umepoa kama chai ya jana, sasa unauliza sisi wengine tunajilishaje kiroho kila siku bila kusubiri jumapili. Swali limenigusa mana mimi nilikuwa hivyohivyo miaka mingi. Sekondari UKWATA, ule umoja wa wanafunzi wakristo, ndo ilikuwa inanibeba, nilivyokuja mtaani nikawa mtu wa mikesha na makongamano, natoka huko nimelia machozi yote, jumatano nimeshagombana na mteja.

Nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma. Kuna mwaka nikasema tarehe 1 januari naanza Biblia yote, sura 1,189, nikapiga hesabu nikisoma tatu kwa siku, siku zingine nne, mwaka unaisha nimemaliza. Mwanzo nikapita vizuri, Kutoka nayo nikapita, februari ndo inaanza nimefika Walawi 13, habari za ukoma na vipele, na mimi nimetoka sokoni nimechoka, nikaruka siku moja, kesho yake nadaiwa sura sita, keshokutwa tisa, ikawa kama marejesho ya kikoba. Nikafunga kitabu mpaka pasaka.

Kilichonisaidia ni kitu ambacho hata hakina heshima, maji. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, yakitoka ni saa 10 alfajiri na lazima mtu aamke akinge. Nilikuwa nakaa pale na ndoo zangu nachungulia status za watu. Siku moja nikaacha simu ndani nikatoka na Biblia ya karatasi na tochi, nikasema zaburi moja tu mpaka ndoo zijae, basi. (Biblia ya kwenye simu siipingi, ila mimi nikiishika simu najikuta kwenye magrupu.) Nasoma kwa sauti ya chini, alafu mstari ulionishika ndo naondoka nao. Hii nimeitoa kwa bibi yangu wa Mvumi, hakujua kusoma hata a, ila mstari aliousikia kanisani jumapili alikuwa anautafuna wiki nzima huku anatwanga uwele.

Oktoba moja, unajua upepo wa huku mwezi huo, vumbi mpaka kwenye meno, nimefungua bomba linakoroma tu, hewa, hakuna hata tone. Nimekaa na ndoo tupu nimekasirika, zaburi ya siku hiyo ni ya 63, Daudi yuko jangwa la Yuda, anasema nafsi yake inamwonea Mungu kiu katika nchi kame isiyo na maji. Nilicheka peke yangu gizani. Maji hayakutoka siku hiyo, nilinunua ya mkokoteni, lakini ule mstari nilikaa nao zaidi ya mahubiri mengi niliyosikia.

Ukiruka siku usirudi nyuma kulipa, soma ya leo. Kwenye Kutoka 16 Waisraeli waliambiwa waokote mana (chakula alichowashushia Mungu jangwani) ya siku hiyohiyo, waliojibania ya kesho wakakuta imeingia mabuu inanuka, na nadhani mimi na mikesha yangu nilikuwa nafanya hivyohivyo, nashiba ijumaa moja nataka initoshe mwezi. Sikatazi mkesha lakini, naenda mpaka leo.

Maombi sasa. Nikipiga magoti usiku nilikuwa nasinzia, sikufichi. Nikaanza kutumia daftari la madeni. Asubuhi kabla wateja hawajaanza nalifungua, jina kwa jina naombea, huyu mtoto wake anaumwa, huyu mume hana kazi. Ni ngumu we acha, kumwombea baraka mtu ana kilo zako tano za maharage na anakupita kama hakujui. Siku za kwanza nilikuwa naomba alipe tu, kwa kweli ndo ombi lilikuwa hilo, baadae sijui lini nikajikuta namuuliza Mungu yule mama anakula nini siku hizi.

Mpaka leo hajalipa. Ila zamani akitokea nilikuwa naangalia pembeni ajue nimenuna, siku hizi namsalimia mimi wa kwanza, na juzi kachukua unga kilo mbili nikaandika.