Barua kwa mwanangu: gari la Baba Mkubwa

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Sisi huku Hombolo hatujambo. Mama yako mgongo umeachia, na ameshaanza tena kugombana na kuku wanaoingia kwenye mtama wake.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeuliza jambo moja tu: lile Datsun 240Z alilokuachia Baba Mkubwa, uliendeshe au ulitunze kama lilivyo? Maana yule mnunuzi wa Arusha amekuambia thamani yake yote iko kwenye zile maili 6,812 zinazosomeka kwenye dashibodi, na kila maili utakayoongeza ni pesa unayoitupa njiani.

Nitakujibu, ila kwanza nikueleze nilichokikuta Jumanne nilipofungua banda.

Turubai limeoza upande wa dirisha. Panya wamekula zulia la nyuma, lakini siti hawajazigusa, sijui kwa nini. Tairi zina meno yake yote kama zilivyotoka dukani, ila ubavuni zimepasukapasuka kama visigino vya mkulima. Tairi hizo hata za kulisukuma uani siziamini. Nilipofungua tangi sikusikia harufu ya petroli. Ni harufu ya vanishi, mafuta yameshaoza. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini bila kurudi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limelala, na mipira yake hukauka kwa kukosa kazi. Hizo ndizo maili 6,812 kwa macho ya fundi. Nilikuambia tangu ukiwa unashika tochi nikiwa chini ya magari ya watu: gari ni miguu. Miguu hukuiona ikitunzwa kabatini.

Bodi lakini, Neema! Nilipitisha kiganja chini ya milango na kwenye matao ya tairi, pale ambapo Datsun za aina hii huliwa na kutu kabla ya pengine popote. Pakavu. Ni huu ukame wetu wa Dodoma tunaoulalamikia kila mwaka ndio ulioliokoa. Ukilipeleka kwako Mikocheni ukaliacha nje, upepo wa bahari hautakuuliza lina maili ngapi.

Sasa usije ukamhukumu Baba Mkubwa. Unajua alivyolipata, yule tajiri wake wa duka alipohama nchi mwaka 1974 akamwachia badala ya kiinua mgongo. Hujui alivyolitamani kabla ya hapo. Mwaka 1973 tulikuwa tumebanana kwenye redio moja pale Majengo, Shekhar Mehta akashinda Safari, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, kwa 240Z, wakiwa wamelingana pointi na mwenzake wa Datsun nyingine, akapewa ushindi yeye. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, mtu wa Afrika Mashariki hii hii. Kaka aliruka mpaka akagonga taa ya chemli. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea barabarani huku mkono wake unabadilisha gia.

Akaliendesha miaka michache, taratibu, Jumamosi kwa Jumamosi. Kisha ikaja vita ya Kagera, petroli ikawa kitu cha kuomba, na Jumapili magari binafsi yakawa hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane mchana. Halafu 1983, msako wa wahujumu uchumi, watu walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa. Wewe fikiria mtunza stoo mwenye gari la siti mbili. Watu walikuwa wanatupa sabuni za madukani mtoni kwa hofu. Kaka akaliweka juu ya mawe, akalifunika kwa turubai na mabua ya mtama, ufunguo akanikabidhi mimi ili kila mwisho wa mwezi niliwashe kidogo. Kwa hiyo alikuwa na sababu. Nakiri kabisa kwamba alikuwa na sababu.

Ila mwaka 1986 sababu hizo zilikuwa zimekwisha.

Baada ya mavuno bibi yako aliomba apelekwe Kondoa kumwona dada yake, yule aliyeolewa kwa Warangi. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Hukumkuta bibi yako, lakini huo ukimya wako umeurithi kwake. Hakuwa mtu wa kuomba neno mara mbili. Kaka akamwambia, mama, njia ya Kondoa ina vumbi, litaingia kwenye siti, subiri mvua ilitulize. Mvua ikaja. Akamwambia, mama, sasa kuna tope, subiri likauke. Gari la aina ile ile lililoshinda Safari kwenye vumbi na tope hilo hilo! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nasimama katikati ya kazi.

Basi mwisho wa mwezi nikaingia bandani kuliwasha kama kawaida. Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni mama, amejifunga kanga mpya, na kipochi chake mkononi. Hakusema kitu. Nikamfungulia mlango wa kushoto, akaingia, akakaa wima, kipochi kwenye mapaja. Nikawasha. Unaijua ile injini, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ikishapata moto huisikii masikioni, unaisikia kwenye mbavu. Tukakaa hivyo, milango ya banda iko wazi nyuma yetu, mbele yetu ukuta wa udongo.

Baada ya muda akaniuliza, "Tumefika wapi?"

Nikamwambia, "Tumepita Haneti, mama."

Akautazama ule ukuta, akasema, "Basi hatuko mbali."

Tairi tulikuwa tumezivisha tayari, maana kaka alisema atalitoa. Petroli ilikuwepo. Kondoa haifiki hata kilomita 200 kutoka Dodoma. Nilikuwa mwanamume wa miaka 29, fundi kamili, na ufunguo uko mkononi mwangu, si mwa kaka. Nikazima injini. Mama akashuka, akapangusa siti kwa upindo wa kanga mahali alipokaa, akaenda kupika. Februari iliyofuata tukamzika. Dada yake alikuja msibani juu ya lori la mahindi.

Kwa hiyo, mwanangu, nikikuambia endesha, ujue anayesema ni nani. Anasema mtu aliyezima injini.

Na fundi aliye ndani yangu ananibishia. Ananiambia: wewe mzee, rangi ya kiwandani haipakwi mara mbili. Magari yaliyofumuliwa na kurudishwa kuwa mapya yako mengi, yanang'aa kuliko hili. Lakini gari ambalo boliti zake hazijaguswa na spana tangu Japani, ambalo mfuko wake wa spana bado umefungwa kama ulivyofungwa na mfanyakazi wa kiwandani, hilo likichakaa halirudi. Lazima liwepo moja mahali, ili mtu akitaka kujua lilikuwaje, aende aangalie. Hili nalo ni kweli, na mnunuzi wako si mjinga.

Halafu nakumbuka jambo jingine. Lile 240Z ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari ya 1971, Nissan wenyewe wanalitunza huko Japani. Na mikunjo ya njiani wameiacha kwenye bodi. Hawakulitunza kwa sababu halikutembea. Sasa hapo fundi ananyamaza, kisha baada ya dakika mbili anaanza upya: lile lilishinda mashindano, hili litashinda nini? Ndivyo tulivyolala Jumanne, mimi na yeye.

Ulitaka neno moja, endesha au tunza. Neno ninalo, liko kwenye ulimi. Nimeliandika mara mbili, na karatasi zote mbili nimezichana, mama yako ni shahidi. Kaka alitupangia sisi wote lini gari litoke na nani apande, na mimi sitaki kukaa kwenye kiti hicho. Gari ni lako. Ninachokuomba ni kwamba usiamue ukiwa Dar kwa picha za simu. Njoo ulione. Siku hizi treni inakufikisha Dodoma kabla chai haijapoa, na kutoka mjini nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Usimruhusu mtu yeyote aguse swichi kabla hujafika. Injini iliyolala miaka hii yote ukiilazimisha kwa betri unaweza kuikwangua silinda. Mimi nimeshatoa plagi zote sita, nimetia oili kidogo kila tundu, nikaiacha siku mbili inywe. Alhamisi nikashika spana ndefu nikaizungusha kwa mkono, polepole, nimeshika pumzi kama ninasikiliza mtoto kifuani. Ikazunguka. Haikukwama popote. Na hizi zina cheni ndani badala ya mkanda, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Ukipita Kariakoo kabla ya kuja, niulizie mipira ya breki, ya mbele na ya nyuma, na ya pampu yake kuu, pamoja na mipira ya kabureta mbili. Wakikuambia hakuna, waambie wapime ya gari jingine, nitakutumia vipimo. Tairi za inchi 14, nne. Hizo utazihitaji hata ukimuuzia yule bwana wa Arusha, maana hata gari la kutazamwa ni lazima liweze kusimama.

Siti ya kushoto sijaipangusa.

Baba yako