Mama mwenzangu, mpime moyo kwanza

Mwanangu alikuwa akitoka jasho akinyonya. Wala silo jasho la joto la Dar es Salaam. Hata saa kumi alfajiri, feni inazunguka, paji la uso lilikuwa linalowa. Atavuta mara tatu nne, ataachia titi, atahema harakaharaka, kisha usingizi. Mama mkwe akaniambia nimvue, mtoto ana joto. Nikamvua. Wiki ileile ndiyo nilikuwa nimeambiwa ana sindromu ya Down, na akili yangu yote ilikuwa kwenye sura yake na kwenye midomo ya watu.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika. Nilimaliza siku nyingi nikilia na kujibizana na ndugu waliosema kwenye ukoo wao hakuna mtoto wa namna hiyo. Jibu lenyewe ni fupi. Kila mmoja wetu ana kromosomu (vijiuzi vya urithi ndani ya seli) namba 21 mbili. Mwanangu anazo tatu. Ndiyo maana siku yao duniani ni tarehe 21 mwezi wa 3. Mara nyingi sana hutokea yenyewe tu, hairithiwi, na haina uhusiano wowote na laana wala na ulichokula ukiwa mjamzito. Ni kweli uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini mimi nilikuwa na miaka 26. Waambie hivyo mara moja, kisha mbebe mwanao uende hospitali.

Uende kwa sababu karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Unaweza kumtazama ukamwona mzima kabisa, daktari akaweka kipimo kifuani asisikie kitu, na tundu likawemo moyoni. Kinacholionyesha ni eko. Ni kama ile ultrasaundi ya mimba, wanampitishia mtoto kifuani, hakiumi. Omba kipimo hicho kwa jina lake, na uombe ndani ya wiki za mwanzo, hata kama mtoto ananyonya vizuri.

Wangu alikipata akiwa na miezi minne. Tulipompeleka mara ya kwanza tuliambiwa tumlee tu, watoto hawa huongezeka uzito polepole. Mimi nikaridhika, maana nilitaka kuridhika. Miezi minne! Akakutwa na tundu kubwa katikati ya moyo. Daktari wa moyo akachukua kalamu na karatasi akanichorea: damu inakwenda kwenye mapafu kupita kiasi, na mishipa ya mapafu ikikaa na presha hiyo muda mrefu inakakamaa. Ikishakakamaa, hata ukiziba tundu, mtoto hapati nafuu. Tundu kama lile huzibwa kwa kawaida mtoto akiwa na miezi mitatu mpaka sita. Nilihesabu kwa vidole palepale kitini. Tuliwahi, lakini kwa chupuchupu, na sitaki mama mwingine ahesabu vile.

Kwa walio Tanzania, upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Fedha zikiwa ndizo zinazokukwamisha, usibaki na shida hiyo nyumbani kama siri. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla bili haijaanza kupanda.

Wakati wa kusubiri, kazi kubwa ni kumlisha. Misuli yao ni milegevu, kinywa hakishiki titi sawasawa, na mwenye tundu anachoka kabla hajashiba. Mama mmoja niliyekaa naye benchi moja kliniki ndiye aliyenionyesha: shika titi kwa vidole vitatu vya mwisho, kidole gumba na cha shahada vikae mashavuni mwa mtoto, kidevu chake kipumzike katikati. Ile siku alinyonya nikasikia anameza. Anachoacha, kamua, umpe kwa kikombe kidogo, polepole, akiwa ameinuliwa kichwa. Mlishe mara nyingi, kidogokidogo. Ukiona jasho, kuhema kwa kasi, midomo kugeuka rangi, au kadi ya kliniki inaonyesha uzito umesimama, usisubiri tarehe ya kurudi.

Moyo ukishajulikana, yapo mengine yasiyo ya haraka hiyo lakini yasisahaulike: tezi ya shingoni ipimwe kwa kipimo cha damu, na baadaye kila mwaka; masikio na macho pia. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mzito wa kuelewa bure. Na mazoezi ya viungo yaanze mapema. Wangu alitembea akiwa na miaka miwili na miezi minne.

Sasa ana miaka sita. Kovu limebaki mstari mwembamba kifuani, na akioga hulipaka sabuni kwanza kabla ya kitu kingine. Jana alikimbia kutoka getini mpaka dukani, akasimama kunisubiri. Aliyekuwa anahema ni mimi.