Maswali ya Wasomaji: Farasi, Faini na Kiapo

SWALI: Nimelelewa PCEA, kanisa lenye asili ya misheni ya Uskoti. Nasikia katika karne ya 17 askari wa mfalme waliwasaka waumini waliosali porini. Mbona wakulima tu waliwasumbua zaidi ya miaka 20? Na kweli mtu aliweza kupigwa risasi bila kesi?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Farasi ndio waliowaponza askari. Kusini-magharibi mwa Uskoti, Ayrshire hadi Galloway, kuna vilima vyenye vinamasi vingi. Mwenyeji anajua pa kukanyaga; farasi mwenye mpanda na silaha anazama. Tarehe 1 Juni 1679, huko Drumclog, John Graham wa Claverhouse, kamanda wa askari farasi wa mfalme, aliwakuta watu wa Agano, yaani waliolishika Agano la 1638 (kiapo cha kutetea kanisa lao la Kipresbiteri) na kuwakataa maaskofu waliorudishwa na Mfalme Charles II. Walijipanga ng'ambo ya kinamasi. Askari walishindwa kuvuka, wakulima wakavuka wao. Claverhouse mwenyewe aliandika kwamba farasi wake alipasuliwa tumbo kwa uma wa shambani, utumbo ukaning'inia, na bado akambeba maili nzima.

Wiki tatu baadaye, kwenye daraja la Bothwell, mambo yaligeuka. Jeshi lilikuja na mizinga, na viongozi wa Agano walikuwa wakibishana teolojia wakati watu wao wanahitaji baruti. Mateka zaidi ya 1,000 walipelekwa Edinburgh, wengi wakawekwa nje, penye makaburi ya Greyfriars.

Lakini kwa maoni yetu, silaha kali ya serikali ilikuwa faini. Mchungaji aliyewekwa na maaskofu aliandika majina ya wasiofika ibadani, orodha ikafika kwa askari. Asiyelipa aliletewa askari nyumbani, wakala chakula chake mpaka alipe. Tatizo ni kwamba dawa hii ilizidisha ugonjwa: mwaka 1666 wananchi wa Galloway walichoka, wakamteka huko Dumfries Sir James Turner, kamanda aliyesimamia makusanyo hayo.

Kuhusu risasi: ndiyo, tangu Novemba 1684. Wafuasi wa James Renwick, mhubiri wa watu wa Agano, walikuwa wamebandika tangazo la kuwatisha wanaowasaka. Baraza la mfalme likaamuru kwamba atakayekataa kulikana tangazo hilo kwa kiapo auawe papo hapo, awe na silaha au hana, mradi wawepo mashahidi wawili. Aliyeapa alipewa hati ya kusafiria.

Tarehe 1 Mei 1685 John Brown wa Priesthill alikamatwa baada ya kukimbizwa vinamasini. Hakuwa na silaha mwilini, ila kwa mujibu wa barua ya Claverhouse nyumba yake ilikutwa na risasi pamoja na karatasi za uhaini. Alikataa kuapa, akauawa. Mpwa wake alipoelekezewa bunduki akaanza kusema, na maelezo yake yakawafikisha askari kwenye handaki lililochimbwa mlimani: lilitosha watu kumi na wawili, na ndani mlikuwa na panga na bastola.