Kiporo cha pilau na ubaridi wa katikati: namna ya kupasha chakula kwa maikrowevu

Siku ya pili ya Idi, miaka michache iliyopita, nilimpashia baba mkwe wangu bakuli la kiporo cha pilau kwa dakika tatu katika maikrowevu tuliyokuwa tumeinunua mwezi huohuo. Pembeni wali ulifuka mvuke, lakini kijiko chake kilipofika katikati kilikuta punje zilizoshikamana, baridi kama zilivyotoka kwenye jokofu, na mafuta meupe yaliyoganda yakiwa bado yamezishika. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "huku katikati bado kimelala." Niliona haya, na tangu siku hiyo nikaanza kujifunza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi.

Tunapopasha chakula kwenye jiko la mkaa au la gesi, moto huanza kuipata sufuria, kisha sufuria hukipa joto chakula kilichoigusa, na joto hilo huingia ndani taratibu. Maikrowevu huipita hatua ya sufuria. Ndani yake mna kifaa kiitwacho magnetroni, ambacho hugeuza umeme kuwa mawimbi ya jamii moja na yale ya redio, na mawimbi hayo hutikisika takribani mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Kila molekuli ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na mwingine wenye chaji hasi, hivyo hujaribu kugeukageuka kuyafuata mawimbi, na katika kusukumana na jirani zake joto huzaliwa ndani ya chakula chenyewe. Bakuli la kioo, ambalo mawimbi hulipita, hupata moto hasa kwa sababu limekaa na chakula cha moto.

Wengi wetu tumeambiwa kwamba maikrowevu hupasha kuanzia ndani kwenda nje. Si kweli, na imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Katika vyakula vingi mawimbi huingia sentimita chache tu, na sehemu iliyo ndani zaidi husubiri kupokezwa joto na majirani zake kama ilivyo jikoni. Isitoshe, mawimbi hugonga kuta za chuma na kurudi, yakakutana na kufanya mahali pengine pawe na nguvu nyingi na pengine kidogo. Sahani ya ndani huzunguka ili chakula kipite katika sehemu hizo zote, ila kilicho katikati kabisa ya sahani hiyo hakisogei.

Kwa hiyo siku hizi kiporo cha wali nakitandaza kwenye sahani pana, naacha tundu katikati kama kitumbua kilichotobolewa, nanyunyiza kijiko kimoja au viwili vya maji kwa sababu wali uliolala kwenye jokofu huwa mkavu, kisha naufunika bila kuubana. Napasha dakika moja, nakoroga, napasha tena, halafu nauacha dakika mbili kabla ya kuupakua. Watu wengi huiruka hatua hii ya mwisho, ilhali ndiyo inayolipa joto nafasi ya kuenea. Wali uliolala mezani usiku kucha siupashi kabisa, kwa maana kuna bakteria ambao sumu yao haiondolewi na joto la kupashia.

Nyama iliyoganda ina tabia yake. Molekuli za maji katika barafu zimefungwa mahali pamoja, hivyo barafu hupokea nguvu kidogo sana ya mawimbi, lakini sehemu ikishayeyuka huipokea kwa kasi, na ndiyo sababu pembe za pande la nyama huiva wakati moyo wake ungali jiwe. Tumia kitufe cha kuyeyushia, ambacho huwasha na kuzima mawimbi kwa zamu ili joto lipate muda wa kusambaa, na uigeuze nyama kila baada ya dakika chache.

Yai lenye ganda usiliingize, kwani mvuke hukosa pa kutokea na yai hupasuka, hata pengine mkononi baada ya kulitoa. Chombo kikiharibika mpelekee fundi anayekijua, kwa sababu ndani yake mna kapasita inayoweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ninalowasihi zaidi akina mama wenzangu ni kuhusu maziwa ya mtoto. Chupa ikitoka kwenye maikrowevu inaweza kuwa vuguvugu mkononi huku ndani yake mna sehemu ya maziwa yenye moto wa kuunguza kinywa cha mtoto. Mwanangu alipokuwa mchanga, niliiweka chupa yake ndani ya bakuli la maji ya moto, nikaitikisa, kisha nikadondosha matone kwenye kiwiko changu kabla ya kumpa.