Muulize kwanza alianza kazi mwaka gani

Januari mwaka jana mdogo wangu wa mwisho alirudi nyumbani Morogoro na shahada ya uhasibu, begi moja la nguo na deni la songesha, ule mkopo mdogo wa kwenye simu. Wiki ya tatu haijaisha, mzee akaanza mezani: "Mimi umri wako nilikuwa najitegemea, nina mke." Nami, badala ya kunyamaza, nikadakia kwamba hawa Gen Z shida yao ni simu tu. Kijana hakujibu. Alibeba sahani yake, akaenda kumalizia ugali uani.

Kilichoniumbua ni sanduku la bati. Tulikuwa tunatafuta karatasi za kiwanja, nikakuta barua ya ajira ya baba, ya mwaka 1979. Karatasi imegeuka rangi ya chai, mhuri bado unasomeka. Mshahara shilingi 640 kwa mwezi. Nyumba ya kampuni, au posho ya pango kama nyumba zimejaa. Matibabu ya mfanyakazi na familia. Basi la wafanyakazi asubuhi na jioni. Naye alikuwa ametoka kidato cha nne! Hakuna mstari unaomtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu.

Nikamsomea kwa sauti. Akacheka, akasema, "Lakini sukari hatukuwa nayo."

Na kweli. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mwalimu Nyerere, baada ya vita vya Kagera, aliomba nchi ifunge mkanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita mkanda haujalegezwa. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, asiye na kazi mjini akaitwa mzururaji na kurudishwa kijijini kwa lori. Baba anasema siku hizo kitambulisho cha kazi kilikaa mfuko wa shati hata akienda dukani.

Ndipo nilipoona tunavyodanganyana na haya majina. Boomer, milenia, Gen Z, yote yamekatwa kwa kipimo cha Marekani. Boomer ni mtoto wa wimbi la uzazi lililofuata Vita vya Pili vya Dunia, 1946 hadi 1964. Sisi wakati tunaupa jina kwa hali ya mfuko. Kulikuwa na kufunga mkanda, ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, ukaja ukapa, yaani ukata wa enzi za Rais Mkapa, na enzi za Magufuli vyuma vikakaza. Ukimwambia Mtanzania "nilimaliza shule wakati wa ukapa", anajua ulimaliza ukakuta nini. Ukimwambia "mimi ni milenia", hajajua kitu.

Halafu kila kizazi kimewahi kuitwa kilichodekezwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400, na hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana wale waliosemwa kwamba wamelewa usomi ndio babu za leo. Hata hilo jina la Gen Z, huku kwetu lilikuwa la kebehi, mpaka Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha na Rais Ruto akaurudisha bila kuusaini. Tangu hapo kuna wanaojiita hivyo kifua mbele.

Mimi mwenyewe nilimaliza chuo mwaka 2010. Nikajitolea ofisi moja miezi minane, yaani kazi ya kutwa kwa nauli tu, kisha nikapata chumba Mabibo cha elfu 30. Nilipiga hesabu ya elfu 30. Mwenye nyumba akataka ya miezi sita, 180,000, na dalali akachukua ya mwezi mmoja, 30,000 nyingine. Mwenye nyumba wa kwanza niliyemwendea alikuwa amenikataa kwa sababu sina mume, akaogopa nitamletea "wageni". (Kaka zangu hakuna aliyewahi kuulizwa mke yuko wapi.) Nililala kwenye mkeka miezi miwili, na kwa aibu ya kuonekana sijajiweza nikakopa kwa mtu wa mtaani ninunue kitanda na godoro. Siku hizo hatukusema kausha damu, kama mikopo ya riba kali inavyoitwa sasa, ila damu ilikauka vilevile. Kitanda cha laki moja kilinila laki na themanini.

Kwa hiyo nilipomwita mdogo wangu uani, kitu cha kwanza tulichofanya ni kuandika kwenye daftari bei ya mlango. Bei ya mlango ni ile ya kuingia kwenye maisha. Ya kuishi mwezi hadi mwezi ni nyingine. Chumba cha elfu 80, miezi sita, dalali: 560,000 kabla hajanunua hata ndoo. Baba kwa mlango huohuo alilipa sifuri, kiwanda kilimlipia. Ukiwa na umri wa mdogo wangu, andika namba yako kabla ya kuhama kwa hasira, na usiazime ya mlango kwa mtu anayetaka riba kila wiki. Ukipata ajira, toa kwanza makato ya mkopo wa chuo ndipo uitaje mshahara. Mimi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliyopandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 yalinikuta nimeshajipangia kila senti.

Kukaa nyumbani si kosa, ila usikae kama mgeni. Mdogo wangu alichukua jukumu la LUKU (umeme) na gesi, kwa hela ya kutunza hesabu za maduka matatu ya hapo sokoni. Haizidi elfu 60 kwa mwezi. Mzee akiona umeme haukatiki, sauti inashuka.

Na mkubwa akikwambia "mimi umri wako", usibishane wala usinune. Muulize kwa adabu: ulianza mwaka gani, baba, na nyumba alilipa nani? Wengi hawakusudii kuonea, wamesahau tu. Pia wana yao ya kusimulia. Baba alipunguzwa kazi mwaka 1996 akiwa na watoto watano, kiinua mgongo kikaisha kwenye banda la kuku waliokufa kwa kideri. Hiyo hadithi hakuwahi kutuambia mpaka alipoulizwa.

Mwezi uliopita kijana alifikisha 310,000 kwenye kopo lake. Baba ameomba kuliona daftari. Alilisoma bila miwani, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, kisha akauliza, "Huyu dalali, anafanya kazi gani hasa?"