Jibu: Siku moja Kashan, soko au majumba?

Salaam ndugu. Umeuliza ufanye nini ukiwa na siku moja tu Kashan, mji wa Iran: umekwama kati ya soko na majumba ya kale, na bei zinakuchanganya.

Kwanza angalia siku: Ijumaa maduka mengi hufungwa. Siku nyingine anza sokoni asubuhi, maana mchana wengi hupumzika. Humo sokoni usikose ukumbi wa kale wa Amin od-Dowleh. Mimi nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama kuba tu.

Bei: uliza kama ni rial, fedha rasmi ya Iran, au toman, hesabu ya mitaani. Toman 1 ni rial 10, nami nililipa vibaya mara mbili kabla ya kuelewa. Beba fedha taslimu. Visa na Mastercard hazifanyi kazi Iran.

Chakula cha mchana agiza dizi, mchuzi wa nyama na dengu. Mimina mchuzi kwanza, uchovye mkate, kisha ponda nyama na dengu.

Jioni nenda kwenye majumba, uanze na nyumba ya Tabatabaei. Sehemu ya wageni imetengwa na ya familia, na mtu wa Lamu ataelewa mara moja. Ya Borujerdi iko karibu, ina minara ya kunasa upepo. Ukiweza kuingia moja tu, chagua Tabatabaei. Marashi nunua mwisho, chupa nilibeba kutwa na ni nzito.